Dinari Mbili za Msamaria: Nani Hulipa Gharama za Majeruhi?



Ndugu msomaji, mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37) tumeusikia tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Tukiulizwa waliomo ndani yake, tutataja haraka: mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, wanyang'anyi, kuhani, Mlawi na Msamaria. Ni mara chache atatajwa mwenye nyumba ya wageni. Mahubiri mengi huishia pale majeruhi anapopandishwa juu ya mnyama, kana kwamba kazi imekwisha. Mwinjili Luka haishii hapo. Anasema kwamba kesho yake Msamaria alitoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba, akaahidi kwamba kitakachozidi atakilipa atakaporudi. Katika mfano huu, basi, kuna bili.

Katika somo hili nataka tumtazame huyo mwenye nyumba ya wageni, kwa sababu katika nchi zetu leo yeye ndiye hospitali. Hoja yangu ni moja: huruma haifuti gharama, bali huihamisha kutoka bega moja kwenda jingine. Jamii isipoamua kwa haki ni bega lipi liibebe, gharama hiyo itamwangukia mgonjwa mwingine ambaye hata hakuwapo kwenye ajali.

1. Swali lilipoanzia

Kila Jumamosi mafrateri wa darasa letu hutembelea wagonjwa katika hospitali moja ya Kanisa. Mimi nilipangiwa wodi ya upasuaji ya wanaume. Haikuchukua muda kugundua kwamba wengi waliolala pale ni rika langu: vijana wa bodaboda, abiria wao, na watembea kwa miguu waliogongwa. Mmoja wao alikuwa amevunjika paja. Daktari alikwisha kumruhusu, lakini bado alikuwapo, kwa kuwa bili haijalipwa. Ndugu zake walikuwa wamerudi kijijini kutafuta fedha. Walikwisha kuuza ng'ombe, na bado hazikutosha.

Niliona aibu kwa niaba ya Kanisa. Nikaenda kwa Sista anayeshughulikia hesabu, nikamwambia: "Sista, hii ni hospitali yetu. Kwa nini asisamehewe tu aende nyumbani?"

Sista hakukasirika. Alifungua daftari la madeni ya majeruhi, akanigeuzia nisome mwenyewe. "Frateri, kusamehe tunasamehe kila wiki," akasema. "Wewe niambie kitu kimoja tu. Glovu na nyuzi za kushonea za wiki ijayo nitanunua na nini?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jaribio la kulitafuta.

2. Ukubwa wa jambo

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inaonesha kuwa watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani katika mwaka 2021. Asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina takriban asilimia 60 tu ya magari yote duniani. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo sababu ya kwanza ya vifo. Wanaoumia bila kufa hukadiriwa kuwa kati ya milioni 20 na milioni 50 kila mwaka.

Kwa hospitali, hao wa mwisho ndio wenye uzito katika hesabu. Aliyekufa papo hapo huacha msiba. Aliyeumia huhitaji kitanda, dawa, upasuaji, na pengine mguu wa bandia. Tena ajali haina miadi. Familia inayotarajia mtoto hupata miezi kadhaa ya kujiandaa. Kijana wa bodaboda hujiandaa kurudi nyumbani jioni, naye huletwa usiku akiwa na fedha ya mafuta tu mfukoni, mara nyingine hajitambui wala hajulikani jina. Kwetu Tanzania aliyeumizwa huhitaji fomu ya polisi, yaani PF3, lakini mgonjwa wa dharura hutibiwa kwanza na fomu hufuata. Ni sawa kabisa iwe hivyo. Ila tutambue maana yake: hospitali huanza kutumia fedha kabla haijajua hata inamtibu nani.

3. Bili ya majeruhi hutengenezwaje?

Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuangalie basi vilivyoundwa.

Kwanza ni gharama ya kuwa tayari. Ili mtu aweze kupasuliwa saa nane usiku, lazima wawepo daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi, wauguzi, mtu wa maabara na mtu wa eksirei. Jenereta liwe na mafuta na mitungi iwe na oksijeni. Wote hao hulipwa hata usiku ambao hakuletwa mtu. Kwenye bili ya mgonjwa utaona dawa, bandeji na upasuaji, lakini huoni mstari ulioandikwa "kukesha".

Pili ni damu. Mchangiaji huitoa bure, na mgonjwa hapaswi kuuziwa. Lakini kila chupa ya damu ni lazima ipimwe Virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, pamoja na kaswende. Ihifadhiwe kwenye jokofu. Kisha ilinganishwe na damu ya atakayeongezewa. Damu ni zawadi, ila vitendanishi, mifuko na umeme vina ankara.

Tatu ni vyuma. Bamba, skrubu na fimbo za kuunga mifupa kwa kawaida huagizwa kutoka nje. Hospitali haiwezi kununua kimoja tu kwa ajili ya mgonjwa wa leo; ni lazima iwe na vipimo mbalimbali, kwa sababu haijui mfupa wa kesho utakuwa wa urefu na unene gani. Fedha nyingi hulala kabatini zikisubiri ajali.

Nne ni kitanda, na hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Paja lililovunjika laweza kutibiwa kwa kuuvuta mguu kwa kamba na uzito, mgonjwa akilala chali kwa wiki sita au zaidi. Njia hii huonekana nafuu kwa sababu haina chuma. Lakini tufanye hesabu ya mfano: mtu mmoja akikaa kitandani siku 42, na mwingine akiwekewa chuma akatoka baada ya siku 7, kitanda kile kile kingehudumia watu sita badala ya mmoja. Ongeza chakula, wauguzi wa kumgeuza asipate vidonda vya mgongoni, na ndugu anayemuuguza aliyeacha shamba au genge lake kwa muda wote huo. Mara nyingi maskini hutibiwa kwa njia ya bei rahisi ambayo mwishowe huwa ghali kwake na kwa hospitali pia.

Wapo waliolitambua hili. Mwaka 1999 Dk. Lewis Zirkle, daktari wa mifupa wa Marekani, alianzisha shirika la SIGN. Shirika hilo hutengeneza fimbo ya chuma inayoweza kuwekwa ndani ya mfupa bila kuwa na mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji, na huzipatia hospitali za nchi maskini, zikiwamo za Tanzania, kwa ajili ya wasioweza kulipa. Madaktari hutuma kumbukumbu na picha za kila upasuaji, na vyuma vilivyotumika hujazwa upya. Ni sadaka inayodai hesabu, nayo imewasimamisha wengi. Hata hivyo chuma cha msaada hakilipi mshahara wa anayekesha, wala hakinunui mafuta ya jenereta. Sehemu kubwa ya bili inabaki mezani.

4. Nani anadaiwa nini?

Hapa falsafa inaweza kutusaidia. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anaieleza haki kama utashi thabiti wa kumpa kila mmoja kilicho chake (Summa Theologiae II-II, 58). Kisha anatofautisha sura zake tatu. Tukizichanganya, tunaishia kulaumiana bure.

Haki ya kubadilishana huwahusu mtu na mtu. Aliyegonga anadaiwa na aliyegongwa; aliyetibiwa anadaiwa na aliyemtibu. Ndiyo maana sheria yetu inalazimisha kila chombo cha moto kuwa na bima dhidi ya madhara kwa watu wengine. Ni sheria nzuri, lakini ina mipaka yake. Bima hiyo haimlipi dereva aliyeanguka mwenyewe kwenye shimo. Haimsaidii kwa urahisi aliyegongwa na mtu aliyekimbia. Na hata pale inapostahili kulipa, malipo hufuata taarifa ya polisi na nyaraka nyingi, wakati kidonda hakisubiri nyaraka.

Haki ya ugawaji huihusu jamii nzima na mtu mmoja mmoja: mafao na mizigo ya pamoja igawanywe kwa uwiano. Tujiulize, nani hunufaika na bodaboda? Mwanafunzi aliyechelewa mtihani, mama mwenye uchungu wa usiku, mkulima anayewahisha nyanya sokoni, muuza mafuta, muuza pikipiki, na Serikali inayokusanya kodi katika yote hayo. Hata padre anayekwenda kigangoni mvua zikinyesha. Faida ya mwendo tunaigawana kila siku. Hasara yake tumemwachia aliyevunjika mguu na hospitali iliyokuwa jirani. Mgawanyo huo si wa haki.

Haki ya kisheria, ambayo Mtakatifu Thoma anaielekeza kwenye ustawi wa wote, humhusu mtu kwa jamii yake. Kuvaa kofia ngumu, kuwa na leseni, kutopakia abiria watatu, kutoendesha ukiwa umelewa: haya si mambo binafsi. Anayeumia kichwa kwa kutovaa kofia huchukua kitanda cha wagonjwa mahututi ambacho mwingine angekihitaji usiku huohuo.

Sasa turudi kwenye mfano wa Luka. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kama tunavyoona katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mt 20:1-16). Msamaria alitoa ujira wa siku mbili. Lakini hakuishia kwenye fedha taslimu. Alitoa na dhamana. Alimhakikishia mwenye nyumba kwamba gharama ikizidi, kuna mtu atakayerudi kuilipa. Kwa dhamana ile, mwenye nyumba aliweza kumtunza majeruhi bila kuwafukuza wageni wengine wala kufilisika.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha tatizo letu. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, inamilikiwa na shirika lenye jina la Msamaria Mwema, na hospitali nyingi za Kanisa zinajiona katika jina hilo. Jina ni zuri. Lakini kazi tuliyozipa ni ya mwenye nyumba ya wageni, na tunazitaka ziwe Msamaria kwa wakati mmoja: zipokee, zitibu na zijilipe zenyewe. Dinari mbili huletwa mara mojamoja. Dhamana ndiyo inayokosekana.

5. Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza: Kristo aliponya bure, hivyo hospitali ya Kanisa isidai chochote. Jibu: Kristo aliponya kwa neno na kwa mguso, sisi tunaponya kwa uzi, gauzi na dawa za kununua. Tena ni yeye mwenyewe aliyeweka dinari katika mfano wake. Angeweza kumfanya mwenye nyumba akatae malipo, nasi tungemsifu, hakufanya hivyo. Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba huruma haiondoi haki, bali huikamilisha (Summa Theologiae I, 21, 3). Huruma inayomnyang'anya Sista fedha za glovu za wiki ijayo haijakamilisha haki ya mtu yeyote.

Pingamizi la pili: aliyeumia kwa uzembe wake abebe mzigo wake. Jibu: Msamaria hakumuuliza majeruhi kwa nini alipita peke yake njia yenye wanyang'anyi. Swali la uzembe lina mahali pake, polisi na mahakamani. Mlangoni pa hospitali si mahali pake. Zaidi ya hayo, jeraha lisilotibiwa mapema huoza, na aliyekataliwa leo hurudi baada ya wiki kukatwa mguu. Gharama haikuepukwa, imeongezeka, na watoto wake watalelewa na wengine.

Pingamizi la tatu: basi mgonjwa azuiliwe hadi alipe. Jibu: anayezuiliwa hafanyi kazi, kwa hiyo hapati cha kulipa, anaendelea kula na kukalia kitanda ambacho mwingine anakihitaji. Lakini hata kama njia hii ingeleta fedha, bado ingekuwa kosa, kwa sababu mtu hawekwi rehani. Ng'ombe huwekwa rehani, shamba huwekwa rehani. Aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, hapana.

6. Mtakatifu aliyekufa na madeni

Tusidhani kwamba shida hii imeanza kwetu. Katika karne ya 16, Mtakatifu Yohane wa Mungu alifungua hospitali mjini Granada, Hispania, akawapokea maskini ambao hakuna aliyewataka. Usiku alizunguka mitaani akiwaombea msaada, na bado alikopa, deni juu ya deni. Alipokuwa anakufa mwaka 1550, miongoni mwa yaliyomsumbua ni orodha ya madeni yake. Askofu Mkuu wa Granada akaahidi kuyabeba. Kanisa linamheshimu kama msimamizi wa wagonjwa na hospitali.

Mtakatifu huyu hakusema kwamba madeni hayana maana kwa kuwa alitenda mema. Aliyaandika na aliyahangaikia. Na askofu hakumlaumu kwa kutumia kuliko alichokuwa nacho; alichukua mzigo ambao bega moja halikuuweza. Alikuwa amepata dhamana, ingawa ilichelewa sana.

7. Tufanye nini?

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupa kanuni mbili zinazokwenda pamoja. Mshikamano unasema mzigo ni wetu sote. Kanuni ya auni inasema kila ngazi ifanye inachoweza, na ngazi ya juu isaidie pale ya chini inaposhindwa. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020 (na. 165), anakumbusha kwamba hata Msamaria Mwema alihitaji kuwepo nyumba ya wageni: upendo wa mtu mmoja hauwezi kukamilika bila taasisi.

Kwa mtu na familia: tuvae kofia, tukate bima, tujiunge na bima ya afya tukiwa wazima. Kijana mwenye nguvu hudhani bima ni ya wagonjwa, na wodi niliyoitembelea imejaa vijana waliokuwa na nguvu asubuhi ya siku ile.

Kwa jumuiya ndogo ndogo na parokia: michango yetu huanza baada ya ajali, na kila familia huanza upya. Tungeweza kuwa na mfuko wa majeruhi uliotangulia ajali, wenye hesabu inayosomwa wazi, na makubaliano ya maandishi na hospitali ya jirani. Siku ya Wagonjwa Duniani, Februari 11, ingekuwa siku nzuri ya kuukusanyia mfuko huo na kuchangia damu. Na vijiwe vya bodaboda visionekane tu wakati wa kubariki vyombo. Vijana wale wasaidiwe kupata leseni na bima.

Kwa Serikali na wabunge wetu: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 ni hatua ya haki ya ugawaji, nasi tuidai itimie hadi kwa dereva wa bodaboda asiye na ajira rasmi. Wapo majirani wa kujifunza kwao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Afrika Kusini ina mfuko wa ajali za barabarani unaotokana na tozo kwenye mafuta, ili anayetumia barabara achangie wanaoumia barabarani. Mfuko huo umekuwa na matatizo makubwa ya fedha, na hilo nalo ni fundisho. Haki iliyoandikwa bila fungu humbebesha mwenye nyumba ya wageni mzigo uleule, na fungu lisilosimamiwa vema hukauka.

Hitimisho

Yule kijana mwenye paja lililovunjika alikwenda nyumbani wiki iliyofuata. Jumuiya ya kwao ilichanga sehemu, na kwa salio aliandikiana na hospitali kulipa kidogo kidogo. Nilimsindikiza hadi getini, akitembea kwa magongo. Nilifurahi. Lakini niliporudi ndani nilijua kwamba jina lake bado limo katika daftari la Sista, juu ya mengine mengi, na kwamba swali la glovu halijajibiwa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Yesu alimaliza mfano wake kwa kumwagiza mwalimu wa Sheria aende akafanye vivyo hivyo. Nimezoea kuyasikia maneno hayo kama mwito wa kusimama njiani na kumwinua aliyeanguka. Sasa nayasikia pia kama mwito wa kurudi kwenye nyumba ya wageni kuuliza: ilizidi kiasi gani?

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, mtu akipata ajali usiku wa leo, nani atakuwa mdhamini wake hospitalini?

2. Je, tunaijua hali ya madeni ya hospitali au zahanati ya Kanisa iliyo jirani nasi? Tumewahi kumuuliza anayetunza hesabu?

3. Ni faida gani tunazipata kutokana na bodaboda, na ni sehemu gani ya hasara tunayokubali kuibeba?